Marudio ya Mbuke

Katoro kila mtu ni mshauri. Shika tumbo tu barabarani, na kabla hujafika duka la dawa utakuwa umeshatibiwa na muuza chipsi, fundi cherehani na kijana wa bodaboda, na kesho yake wote watapita kuuliza kama umepona ili kila mmoja achukue sifa zake. Kwa hiyo Mbuke Benedict alipochaguliwa kwenda chuo kikuu kusoma shahada ya hisabati, mji haukukubali aondoke bila kushauriwa.

"Hisabati na nini?" aliuliza Mama Kudra, jirani yao mwenye duka la vitenge.

"Hisabati tu, mama."

"Siyo uhasibu?"

"Siyo uhasibu."

Mama Kudra alimtazama kwa huruma ya kweli. "Pole, mwanangu. Na ulikuwa na akili."

Aliyefurahi bila masharti alikuwa baba yake, na alifurahi kwa sababu hakuuliza ni ya nini. Benedict ni mfanyabiashara wa marudio. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuvuta vumbi la machimboni, jambo lenyewe liko hivi: wachimbaji hutoa mawe kwenye duara, ndivyo wanavyoliita shimo la mgodi, huyapeleka karasha yakasagwa, kisha unga wake huoshwa ili dhahabu ibaki. Mchanga unaosalia baada ya kuoshwa ndio marudio. Mwenye haraka huuona takataka akaenda zake baa. Benedict huununua, akauchenjua upya, maana mwenye haraka huacha nyuma vingi kuliko alivyoondoka navyo. Anayo kanuni yake moja, nayo huisema mbele ya kila mtu anayesimama kumsikiliza: kabla ya kununua marudio, uliza kwanza aliosha nani. Angekuwa anaifuata kanuni hiyo leo angekuwa na ghorofa. Ana nyumba ya bati, na uani alikuwa na mpapai.

Chuo alichokwenda Mbuke hakitatajwa hapa, kwa kuwa hakijamkosea mtu kuliko vyuo vingine. Huko aligundua kwamba shahada haisomwi tu, inapangwa kwanza. Yapo masomo ya lazima, yapo ya hiari, na yapo ambayo huruhusiwi kuyagusa mpaka ufaulu yanayoyatangulia, kwa sababu hakuna anayeezeka nyumba isiyo na kuta. Yote hayo yameelezwa kwenye kitabu cha mwongozo, ambacho hugawiwa wiki ya kwanza ya mwaka na kusomwa wiki ya mwisho. Mbuke na rafiki yake Samia, msichana mwenzake wa Shinyanga mjini, walipanga masomo yao kwa njia ya kisomi zaidi. Waliulizia mwalimu gani ana mkono mwepesi wa maksi. Wakaulizia somo gani halina kipindi Jumatatu asubuhi wala Ijumaa mchana. Nafasi zilizobaki wakazijaza kwa kuangalia jina lipi linavutia. Ratiba ya Mbuke ya mwaka wa pili ilipendeza sana, ukiiona ungedhani ni ya mtu aliyestaafu.

Ndani ya ratiba hiyo, katikati ya Ujasiriamali na Stadi za Mawasiliano, palikuwa na somo moja la lazima linaloitwa Uchambuzi Halisi. Hili ndilo somo ambalo mtu mzima, mwenye kitambulisho cha taifa, huambiwa athibitishe kwamba moja ni kubwa kuliko sifuri, akajaza kurasa, kisha akaambiwa amekosea. Mbuke alilikabili kama alivyoikabili katekisimu kabla ya Kipaimara, yaani alikariri. Alikariri uthibitisho wa kila kanuni kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Siku ya mtihani mwalimu, kwa roho mbaya isiyoelezeka, alibadilisha herufi.

Mtihani wa kurudia wanafunzi wenzake huuita sapu. Mbuke angesema sapu, baba yake angedhani ni supu ya mbuzi, angemwambia anywe ashibe, na tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Mbuke alilelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hazungumzi na baba yake kwa lugha ya mabwenini. Akatafuta Kiswahili safi, na Kiswahili safi kikamponza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Sema kwa nguvu, niko karasha."

"Matokeo yametoka, baba. Nina marudio."

Mashine zilisaga mawe kwa muda upande wa pili. "Una nini?"

"Marudio, baba. Naomba unisamehe."

"Mengi?"

"Siyo mengi. Ila ni mazito."

"Sasa nikusamehe nini? Mazito ndiyo mazuri. Nisikilize. Usimwambie mtu. Usiyaache hata siku moja bila kuyaangalia, na mtu akija kukwambia hayana maana, ujue huyo ni mwizi. Mimi nimeishi kwa marudio maisha yangu yote na sijawahi kuona aibu. Wewe ni mwanangu kweli."

Mbuke alikata simu akalia. Samia, aliyekuwa na sapu ya somo hilo hilo, alipompigia baba yake alisomewa majina ya mabinamu wote waliofaulu, pamoja na wale wa upande wa Kahama ambao hajawahi kuwaona. Mbuke yeye alikuwa ameambiwa asione aibu. Hakuamini kwamba ana baba wa namna hiyo, na kwa furaha ya kuwa na baba wa namna hiyo akabaki chuoni likizo nzima, hosteli ikiwa tupu, akakisoma kile alichokuwa amekikariri. Safari hii kila mstari aliuuliza kwa nini. Mistari mingine ilimjibu. Likamjia jambo ambalo si la heshima kulitamka kuhusu somo lililokufelisha: alilipenda. Alilipenda hata akasahau kwamba lina mtihani. Siku ya sapu nusu ya maswali aliyajibu kama mwalimu, na ile nusu nyingine hakuwa ameifikia, kwa hiyo akafeli tena, kwa alama chache. Mapenzi hayana maksi.

Mshauri wake wa masomo, Dakta Edward, hushauri huku macho yakiwa kwenye kompyuta, kama mtu anayefuatilia mzigo wake uliokwama bandarini.

"Somo la lazima lazima ulirudie," alisema. "Ulirudie mwaka wa tatu, na nafasi nyingine zote ujaze takwimu. Takwimu za hapa hazihitaji Uchambuzi. Utamaliza na wenzako, utavaa joho, hakuna atakayejua."

"Na Uchambuzi Changamano, dakta? Na Topolojia?"

"Hayo yanasimama juu ya hilo ulilofeli. Ukiyataka, lirudie kwanza, halafu uyasome mwaka wa nne." Maneno ya mwisho aliyatamka kwa sauti ambayo watu hutajia ugonjwa. "Usajili unafungwa Ijumaa ijayo. Nenda nyumbani, kapange na familia."

Hakuijua familia. Angeijua, angemfungia ofisini.

Mbuke aliposhuka Katoro alishangaa kuona kijana wa bodaboda anamwita bosi na kumbebea begi kwa mikono miwili. Alipofika nyumbani alishangaa zaidi, maana mpapai haukuwepo. Mama yake, Suzana, alimpokea kwa sauti ya mtu aliyetoka msibani.

"Karibu. Baba yako ameukata. Ulikuwa na mapapai yanayokaribia kuiva."

"Kwa nini, mama?"

"Ili fuso la mjomba wako lipate pa kugeuzia."

"Fuso la nini?"

"La kubebea marudio yako. Umeyapata kweli huko chuo? Baba yako anasema walikuwa wanachimba msingi wa jengo, wewe ukapiga hesabu ukajua."

Mbuke alibaki amesimama na begi mgongoni, huku maneno ya ile simu yakimrudia moja baada ya jingine, kila moja limevaa nguo nyingine. Mazito ndiyo mazuri. Usimwambie mtu. Kwanza aliona aibu. Baada ya aibu ikaja huzuni, nayo haikuwa ndogo, kwa sababu yule baba aliyemsamehe kwenye simu hakuwahi kuwepo. Alikuwepo mfanyabiashara aliyesikia habari za mchanga.

Ukweli alipanga kuusema jioni ile ile. Lakini Benedict alirudi akimwita "mwenzangu", akamvutia kiti cha kukalia, jambo ambalo hajawahi kumfanyia hata paroko, na Mbuke akakosa pa kuanzia. Aliyekataza habari isimfikie mtu alikuwa ameifikisha mwenyewe karasha, soko la dhahabu na jumuiya ya kanisani, ambako ilitolewa sala ya shukrani. Mama Kudra sasa alikuwa anaeleza wateja kwamba yeye ndiye aliyemshauri Mbuke asome hisabati tupu.

Alhamisi mchana mjomba Telesphori alikuja kutoka Ushirombo kukagua pa kugeuzia gari. Baada ya kuridhika na kifo cha mpapai, alikaa kula. Mbuke akaona hapo ndipo pa kupenyezea neno.

"Kesho usajili wa chuo unafungwa," alisema. "Kuna jambo la masomo nataka niwaeleze."

"Lete tukupangie," alisema Telesphori, akaichukua simu kutoka mkononi mwake na kuanza kusoma majina ya masomo huku mchuzi ukimtoka vidoleni. "Hii nini, Pete na Uga?"

"Ni aljebra, mjomba. Pete siyo ya kuvaa, ni mkusanyiko wa vitu ambavyo unaweza..."

"Pete ni pete. Chukua hiyo. Huku kwetu sonara hafi njaa. Na hii Topolojia?"

"Inachunguza maumbo, ukiyavuta na kuyakunja bila kuyachana."

"Kama unga wa chapati," alisema Suzana.

"Ndiyo, mama. Kama unga wa chapati."

"Hiyo nitamfundisha mimi. Asome nyingine."

Benedict alikuwa anatazama kioo cha simu kwa upande. "Na hii Changamano?"

Mbuke hakupaswa kulijibu swali lile kwa moyo, na alilijibu kwa moyo. Alieleza kwamba katika somo hilo unachora duara. Humo ndani huingii. Unazunguka ukingoni tu, unapima yanayotokea ukingoni, na hesabu yenyewe inakwambia ndani kuna nini.

Mkono wa Benedict ulisimama na tonge lake. "Bila kushuka?"

"Bila kushuka, baba."

"Bila kulipua?"

"Bila kulipua."

Benedict alishuka maduarani tangu ujana wake mpaka kifua kilipomtoa. Rafiki yake Sabiti alishuka kwenye duara ambalo halikuwa na kitu, na hakupanda. Lile tonge alilirudisha kwenye sahani.

"Hiyo usiikose," alisema taratibu.

"Ni duara la kwenye karatasi, baba. Haliwezi kuona dhahabu."

"Mambo yote huanzia kwenye karatasi," alisema Telesphori. "Hata leseni ya mgodi." Akaweka simu chini, akanawa, akaaga, akaahidi kurudi Jumamosi na gari. Kikao cha kitaaluma kikafungwa.

Ijumaa asubuhi Benedict alikuwa uani anapima kwa hatua pale fuso litakapopita. Suzana alikuwa anachambua mchele. Mbuke alitoka ndani akiwa na simu mkononi, ukurasa wa usajili umefunguka, na akaamua kusema kabla ya kusalimia, jambo ambalo nalo ni kosa.

"Baba, marudio yangu siyo mchanga."

"Ni mawe?"

"Ni mtihani. Nilifeli somo. Marudio ni mtihani wa kurudia. Niliufanya, nikafeli tena."

Benedict alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya kisiki cha mpapai. Kisiki cha mpapai hakikaliwi. Kilibonyea, maji yakamlowesha suruali, na hakuinuka.

"Na mpapai wangu?" aliuliza Suzana.

"Watu wote nimewaambia," alisema Benedict. "Jumuiya nzima imesali. Siku ile kwenye simu ulinisikia ninafurahi, ukanyamaza."

"Nilidhani umenisamehe."

Benedict alimtazama.

"Nilisema nisamehe, ukasema nikusamehe nini. Nikadhani umeelewa. Nililia, baba. Niliwaambia wenzangu hakuna aliye na baba kama wangu. Ndiyo maana nikabaki likizo nzima nikalisoma lile somo. Bila hivyo ningeliacha."

Mtu mwingine angemchapa maneno, na Benedict maneno hayo alikuwa nayo, tena ya Kisukuma, ambayo huingia ndani zaidi. Yalimjia mpaka kooni. Alipofungua mdomo lilitoka swali la kazini.

"Aliosha nani?"

"Nini, baba?"

"Mara ya kwanza. Aliosha nani?"

"Mimi."

"Uliosha vipi?"

"Kwa haraka. Nilikariri."

"Na mara ya pili?"

"Nilikuwa nimeanza kuiona dhahabu. Muda ukaisha."

"Kwa hiyo bado imo."

"Imo, baba."

Msomaji asije akadhani Benedict alikuwa amegeuka mzee wa hekima. "Bado imo" aliwahi kuyasema juu ya vichuguu vingi vya mchanga ambamo hamkuwa na kitu ila mchanga. Ilikuwa tu ndiyo lugha aliyonayo, na aliishika kwa sababu ile nyingine iliyokuwa kooni ingemuumiza mtoto.

"Na ile ya duara?" aliuliza.

"Ile haisomwi kabla sijafaulu hii. Nikiitaka, nitamaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzangu. Nikijaza takwimu, nitamaliza nao, na dakta amesema hakuna atakayejua."

"Hakuna atakayejua," Benedict alirudia, na maneno yakamkolea mdomoni kama asali. Mtu mwenye jumuiya nzima ya kuikabili Jumapili hawezi kuyatema maneno hayo kirahisi. Alimtazama mke wake, kama afanyavyo siku zote anapotaka kuambiwa lile analotaka kulifanya.

Suzana aliweka ungo chini. "Mpapai umekatwa kwa ajili ya marudio," alisema. "Sasa ayarudie."

Mbuke alijaza Uchambuzi Halisi. Akajaza Pete na Uga, maana lile halikumtaka Uchambuzi, na mjomba angefurahi. Nafasi ambazo Samia alikuwa ameshazijaza takwimu, na kumtumia ujumbe wa kumhimiza afanye vivyo hivyo, aliziacha wazi kwa ajili ya mwaka wa nne. Akabonyeza. Mtandao wa chuo ulizunguka, ukakwama, ukamtaka aanze upya, kama ilivyo desturi yake, kisha ukakubali.

Jumamosi Telesphori alikuja na fuso. Liligeuka uani vizuri sana, ndani ya dakika moja, na lisingegusa mpapai hata kama ungekuwepo. Mama Kudra na majirani walikuwa wamesimama kushuhudia.

"Marudio ya binti yako wapi, Baba Mbuke?" aliuliza Mama Kudra. "Yameshauzwa?"

Mbuke aliinamisha kichwa. Benedict alijikohoza.

"Hayauzwi," alisema. "Anayaosha upya mwenyewe, huko huko. Itachukua muda."

Mama Kudra alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema hivyo ndivyo alivyomshauri tangu mwanzo.

Wiki ya kwanza ya masomo Mbuke alikaa mstari wa mbele wa darasa la Uchambuzi Halisi, kati ya watoto wa mwaka wa pili waliomtazama kama mtu aliyekosea mlango. Kipindi kilipokwisha alitoka nje akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone. Sema kwa nguvu." Mashine zilikuwa zinasaga. "Vipi hayo marudio?"

"Mazito, baba."

Kisha Mbuke akasikia kelele za mashine zikififia, kama zinazoachwa nyuma na mtu anayetafuta mahali ambapo atasikika vizuri.

"Mazito ndiyo mazuri," alisema baba yake. "Usiyaache."